Mkono Ulioombewa Ufukweni

Dickson aliingia kijiji cha Ikombe kwa mtumbwi wa kukodi kutoka Matema, suruali ameikunja hadi magotini kama mvuvi. Alikuwa mnunuzi wa kakao aliyekulia Bujonde, lakini mama yake alizaliwa huku ufukweni mwa ziwa, na sasa alikuwa anagombea udiwani wa kata. Wagombea wengine walikuja na vipaza sauti na bendera. Yeye alikuja na mtu mmoja wa kumbebea mkoba, akapita nyumba kwa nyumba akisalimia.

Alimkuta Neli nyuma ya nyumba, anasugua chungu kwa kokoto.

"Mugonile, mama," alimsalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga. Karibu."

Dickson alichuchumaa kando yake. Hakuomba kura. Alisifu vyungu, akauliza gulio la Matema linakwendaje siku hizi, kisha akashusha sauti.

"Mama Asifiwe, usikose usingizi kwa ajili ya binti. Huyo aliyemwacha ndiye atakayejuta. Mungu ameniwekea jambo hilo moyoni tangu jana, nikaona nisipite bila kukuambia."

Mkono wa Neli ulisimama juu ya chungu. Asifiwe, binti yake, alikuwa amefukuzwa na mumewe huko Tukuyu, akawa anaishi kwa rafiki yake mmoja akitafuta kibarua. Neli hakuwa amemwambia hata Ebeneza, mumewe, kwa sababu alimjua: Ebeneza angepanda gari siku hiyohiyo kwenda kumshika mkwe shati. Jambo lile lilikuwa kwa watu wawili tu. Mmoja ni Jeni, Mama Kisa, shoga yake tangu utotoni, mfinyanzi mwenzake. Mwingine ni mwinjilisti Sadoki, ambaye Neli alimwambia faraghani baada ya ibada, kama haja ya maombi.

"Amina," Neli alijibu. Dickson akainuka, akapangusa magoti, akaenda nyumba ya pili.

Jioni ile, kwenye kuchota maji, akina mama hawakuwa na habari nyingine. Mzee Ambwene alikuwa ameambiwa juu ya ugomvi wake na ndugu yake wa kule juu mlimani, ugomvi ambao hata watoto wake hawakuujua vizuri. Mama mmoja alikuwa ametajiwa jina la mjukuu aliyekuwa akiugua kifafa. Dickson hakuwahi kulala Ikombe hata usiku mmoja, lakini alijua maumivu ya kila mlango.

"Huyu si mwanasiasa wa kawaida," mmoja alisema. "Kyala, Mungu mwenyewe, yuko naye."

Neli alijitwika ndoo yake akaondoka. Njiani alijiuliza ni Mungu gani huyo anayetangaza mambo ya watu wakati wa kampeni tu, tena kwa mgombea mmoja.

Siku zilizofuata alianza kumtazama Jeni kwa jicho jingine. Na kila alichokiona kilimtia shaka zaidi. Jeni hakuja tena kukanda udongo pamoja naye asubuhi, alisema anakanda kwake. Alikuwa ameacha vyungu vikubwa, anafinyanga vidogo vya maua, akadai ndivyo wageni wa Matema wanavyotaka. Akikaa kuzungumza, mkono wake wa kulia aliuficha ndani ya kanga kama mtu aliyeshika kitu. Na dada yake aliolewa Matema, nyumba yao ikitazamana na nyumba aliyopanga Dickson kwa ajili ya kampeni. Neli aliyaunganisha mambo hayo yote, yakakaa sawasawa.

Juu ya Sadoki hakuweza kuwaza hivyo. Mwinjilisti huyo alikuwa amekaa nao miaka, analima bustani yake mwenyewe, anawazika wafu wao. Mkewe, Veronika, alifia ziwani, ndani ya mtumbwi, uchungu wa uzazi umemshika na mawimbi yamekataa kuwafikisha Matema hospitalini. Baada ya hapo hakuoa tena. Mtu wa namna hiyo ungemshukuje? Lakini usiku Neli alipogeuka kitandani, shaka ilimgeukia na Sadoki pia, akaona haya, akajilazimisha kulala.

Mwishowe aliamua kuwapima wote wawili. Kwa Jeni alisema kwamba Ebeneza anabanwa na kifua usiku, hapumui vizuri, na hataki mtu ajue. Kwa Sadoki alikwenda Alhamisi, baada ya ushirika wa akina mama, akamkuta anafunga madirisha ya kanisa.

"Nina haja ya maombi, Mwinjilisti. Mkono wangu wa kulia. Tangu kiwikoni hadi vidoleni umekufa ganzi, umekuwa kama si wangu. Nashindwa kufinyanga. Mume wangu sijamwambia."

Sadoki aliacha dirisha, akamtazama kwa huruma ya kweli. Aliuchukua mkono ule mzima katika mikono yake miwili, akafumba macho, akaomba. Neli alitazama sakafu. Alijua anatenda dhambi mle ndani ya kanisa, lakini akajiambia kwamba dhambi ikishatoa jibu ataitubu.

Kwa Jeni halikutoka neno. Badala yake, baada ya siku chache Ebeneza alimfuata Neli jikoni, ameshika chupa yenye maji meusi ya mizizi.

"Mama Kisa ameniletea dawa," alisema. "Ananiambia ninywe asubuhi na jioni, tena ananitazama kama maiti. Mimi naumwa nini?"

"Kunywa tu," Neli alisema. "Haidhuru."

"Mama Asifiwe, nakuuliza. Naumwa nini?"

Neli alichochea moto. Ebeneza akaiweka chupa juu ya kinu, akatoka. Tangu hapo naye akaanza kumtazama mkewe kwa pembe ya jicho.

Ndipo lilipokuja tangazo kwamba Jumapili mchana kutakuwa na mkutano wa maombi, kuombea uchaguzi wa amani. Mhubiri mgeni angekuja kutoka mjini, mtumishi Lazaro, mwenye karama ya kuona. Viti vilipangwa mchangani, hatua chache kutoka kanisani.

"Kwa nini wasiingie ndani?" Neli aliuliza.

"Kampeni kanisani ni marufuku," Ebeneza alisema. "Ufukweni siyo kanisa."

Watu walikuja wengi, hata wengine kwa mitumbwi kutoka vijiji vya jirani. Dickson alikaa mstari wa mbele na Biblia magotini, kimya, kama muumini tu. Sadoki alifungua kwa sala. Kwaya iliimba. Kisha Lazaro akasimama, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu iliyoanza kulowa jasho mgongoni, akahubiri habari za Mungu anayewainua viongozi kutoka zizini. Hakumtaja Dickson, ila kila alipotamka "kiongozi" mkono wake ulielekea mstari wa mbele.

Halafu akanyamaza. Akafumba macho.

"Kuna mama hapa," alisema polepole. "Ni mfinyanzi. Naona mkono wake wa kulia. Tangu kiwikoni hadi vidoleni umekufa ganzi. Anasema, mkono huu umekuwa kama si wangu. Mume wake hajui. Mama, uko wapi? Leo ni siku yako."

 Maneno yalikuwa yaleyale, yamepangwa vilevile alivyoyapanga yeye dirishani. Ni Sadoki, basi. Alimtafuta kwa macho akamwona amesimama pembeni ya kwaya, ameinamisha kichwa. Neli alikaa palepale. Aliamua kwamba hatasimama. Mtumishi ataita mpaka achoke, naye ataaibika mbele ya watu bila mtu kusema neno.

Lakini nyuma yake kulitokea kilio. Jeni alikuwa amesimama. Aliutoa mkono wa kulia kutoka kwenye kanga, na watu waliokaa karibu waliona kifundo kimevimba, kimefungwa kitambaa kilichoshikiliwa na pini.

"Ni mimi," Jeni alisema, machozi yakimtiririka. "Sijamwambia mtu yeyote. Hata shoga yangu sijamwambia. Mungu ameniona."

Alipita katikati ya viti. Neli alinyoosha mkono kumshika upindo wa kanga, akachelewa. Lazaro alimwekea mikono kichwani, akaomba kwa sauti ya kutetemesha, akamfungua kile kitambaa mwenyewe na kukitupa mchangani. Kikaletwa chungu kikubwa cha maji. Jeni alikiinua juu kwa mikono miwili, uso umemkunjamana, na umati ukaimba. Dickson aliinuka sasa. Alisema maneno machache tu: kwamba kata hii nayo ina viungo vilivyokufa ganzi, na Mungu aliyeanza kazi leo ataimaliza Oktoba.

Neli hakuimba. Alitazama mikono ya Jeni ikitetemeka chini ya chungu kile, akatambua yote aliyoyasoma vibaya: vyungu vidogo, udongo uliokandwa kwa siri, mkono ndani ya kanga. Mfinyanzi asiye na mkono atakula nini? Jeni alikuwa akificha maumivu, na yeye akayaita hatia.

Mitumbwi ya wageni ilipoondoka, alimfuata Sadoki kanisani. Alimkuta anapanga vitabu vya nyimbo.

"Mkono wangu ni mzima," Neli alisema. "Haujawahi kufa ganzi. Nilikudanganya."

Sadoki alisimama na vitabu mkononi. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alikaa kwenye benchi.

"Ulinitega."

"Nilikutega. Na umenaswa, Mwinjilisti. Ya Asifiwe ulimwambia Dickson wewe. Ya mzee Ambwene ulimwambia wewe."

"Walikuja nyumbani kwangu," Sadoki alisema. "Dickson na mtumishi. Wakaniuliza watu wangu wanateseka na nini. Nikasema. Kiongozi asipojua mateso ya watu ataongoza nini? Mtumishi alisema atakwenda kuyaombea. Sikujua kwamba atayasema vile."

"Mara ya kwanza hukujua. Dickson alipopita nyumba kwa nyumba, watu wote walisimulia. Ulisikia."

 Nje, watu walikuwa wanabeba viti wakicheka.

"Nilisikia," Sadoki alisema. "Lakini alikuwa ameniahidi mtumbwi wa injini. Wa kijiji, wa kupeleka wagonjwa Matema. Si maneno ya jukwaani, alinionyesha na injini yenyewe, iko stoo kwake. Unajua nilivyomshika Veronika ndani ya ule mtumbwi. Nilikuwa napiga kasia kwa mkono mmoja. Nikasema moyoni, siri ni maneno, na maneno hayaui."

"Jeni amenyanyua chungu cha maji na mkono ulioumia."

"Labda amepona. Hujui."

"Wewe unaamini amepona?"

Sadoki alitazama vitabu vilivyo mikononi mwake. "Na wewe," alisema, "ulisema uongo humu ndani, mimi nikiwa nimekushika mkono namwomba Mungu. Tena nililia usiku ule kwa ajili yako."

"Nitalisema hilo," Neli alisema. "Alhamisi, mbele ya akina mama. Nitasema langu na lako."

"Ukisema, injini haitakuja."

Neli alitoka. Maneno hayo ya mwisho yalimfuata hadi nyumbani, na usiku ule alimweleza Ebeneza yote, kuanzia Asifiwe hadi chupa ya dawa. Ebeneza alisikiliza hadi mwisho. Hakupanda gari kwenda Tukuyu, hakufoka. Alisema tu, "Kumbe mimi ndiye mtu wa mwisho kuaminiwa ndani ya nyumba yangu," akageukia ukutani.

Asubuhi alikwenda kwa Jeni. Alimkuta uani, mbele yake chungu kikubwa kilichofinyangwa nusu, kimeegemea upande. Alikuwa ameanza chungu cha shukrani kwa kanisa mara tu baada ya mkutano. Mkono wake sasa ulikuwa umevimba hadi karibu na kiwiko, ngozi imevutika na kung'aa.

"Uponyaji unakuja polepole," Jeni alisema kabla hajaulizwa. "Mtumishi alisema nisiwe na shaka."

Neli alikaa chini, akamweleza. Hakupunguza neno. Jeni alisikiliza akiutazama mkono wake.

"Kwa hiyo yale maneno yalikuwa yako," alisema.

"Yalikuwa yangu."

"Mungu hakuniita mimi."

 "Sijui, Mama Kisa. Ninachojua ni kwamba Lazaro hakuona kitu. Aliambiwa."

"Na kifua cha Baba Asifiwe?"

"Uongo pia. Nilitaka kuona kama utakipeleka kwa Dickson."

Hapo ndipo Jeni alipoinua uso. Neli alikuwa amejiandaa kuona hasira kwa ajili ya ule mkutano, kwa ajili ya chungu cha maji na umati. Haikuwa hivyo.

"Nilipanda mlima kutafuta ile mizizi," Jeni alisema. "Nilichimba kwa mkono wa kushoto, huu ukiniuma mpaka naona giza. Nikasema, shoga yangu asije akawa mjane. Na wewe ulikuwa umekaa hapo unasubiri nikuuze."

"Nisamehe."

"Nenda nyumbani kwako, Neli."

Miaka yote waliitana kwa majina ya watoto wao. Neli aliinuka akaenda.

Alhamisi kanisa lilijaa kuliko siku nyingine, maana habari za uponyaji zilikuwa zimefika mbali. Sadoki naye alikuja, akakaa nyuma. Ilipofika zamu ya haja za maombi Neli alisimama, akasema alivyodanganya, mahali gani na kwa maneno gani, na jinsi maneno hayo yalivyorudi kwa mdomo wa mtumishi. Wengine waliguna. Mama mmoja alimwambia wazi kwamba ana wivu, kwamba amelipwa na mgombea wa upande wa pili. Neli aliona nyuso zikikubaliana na mama huyo. Aligeuka kumtazama Sadoki, lakini mwinjilisti hakuinua kichwa.

Ndipo Jeni akasimama, mahali pake karibu na mlango. Hakumtazama Neli. Alifunua kanga, akaunyoosha mkono mbele ili wote wauone.

"Huu ndio mkono ulioombewa," alisema. "Siku ile niliweza kushika kijiko. Leo siwezi." Kisha akakaa.

 Wanawake hawakumtazama tena Neli. Walitazamana wao kwa wao, kila mmoja akikumbuka alichowahi kusema ndani ya chumba kile, na ni nani alikuwepo. Kutoka nyuma, Sadoki alisema kwa sauti ambayo haikufika vizuri mbele, "Ni kweli. Mimi ndiye niliyesema."  Siku ile hakuna aliyetaja haja; walifunga kwa Baba Yetu wakatawanyika mapema.

Ebeneza ndiye aliyempeleka Jeni hospitali Matema, kwa kasia, ziwa likiwa tulivu. Mfupa wa kifundo ulikuwa na ufa tangu alipoteleza na mzigo wa udongo miezi ya nyuma, na kile chungu cha maji kilikuwa kimeuachanisha. Walimfunga plasta ngumu, wakamkataza kazi.

Oktoba Dickson alishinda udiwani. Ikombe hakupata kura nyingi, lakini vijiji vingine vya kata vilimbeba, maana huko hadithi ya mfinyanzi aliyeponywa ilikuwa bado inasimuliwa vile ilivyotokea ufukweni. Kabla ya Krismasi mtumbwi wa injini ulikuja, umepakwa rangi ya bluu. Watu walisimama kuutazama kwa mbali. Wengine walisema huu ni wembe wa kutukatia ndimi. Wengine walisema mwacheni, ametimiza ahadi. Lakini mjukuu wa yule mama aliposhikwa na kifafa usiku wa mvua, walimpakia humo wakawasha injini, na alifika Matema akiwa hai. Sadoki aliuona ukiondoka. Wiki iliyofuata aliomba kanisa limhamishe, na mchungaji akamwambia asubiri. Anaendelea kuhubiri. Watu wanamsalimia, wanamletea samaki, lakini hakuna anayebaki baada ya ibada kuzungumza naye. Kwenye ushirika kila mama sasa huomba ndani ya moyo, midomo imefungwa, na ukimtazama jirani yako ukadhani anakutazama, wote wawili mnafumba macho.

Asifiwe alirudi nyumbani mwezi Januari. Ebeneza alimpokea bila kumuuliza kitu.

Jeni hakuzungumza na Neli mpaka plasta ilipotolewa, wala baada ya hapo. Asubuhi moja ya masika, Neli alipokuwa anakanda udongo peke yake karibu na maji, alisikia mtu akitua beseni nyuma yake. Jeni alikaa kwenye jiwe, mbali kidogo, mkono wa kulia umekonda na kupauka kwa kufungwa muda mrefu. 

"Udongo wako una mchanga," Jeni alisema.

"Najua."

"Ukimaliza huo, nikandie na huu wangu. Mimi siwezi bado."

Neli alinyoosha mkono akalivuta beseni. Hakujua kama amesamehewa, na hakuthubutu kuuliza. Aliloanisha udongo, akapiga magoti, akaanza kukanda.